Rangi ya Mafuta Haifutiki

Papa,

Ukuta wako haujaguswa na mwingine. Naanza na hilo, kwa kuwa ungeliuliza kabla hata ya afya yangu.

Shule inapakwa rangi upya, na maman préfet, mkuu wetu mpya, aliniachia uamuzi: ramani ya dunia uliyoichora katika darasa lako hapa Nyalukemba, ambalo sasa ni langu, ibaki au ifutwe. Nyekundu kwa marafiki wa Moscow, buluu kwa marafiki wa Washington, nasi tukiwa buluu iliyokolea. Wanafunzi walipouliza mabwana wa dunia ni wangapi, ulijibu: "Wawili tu. Wa tatu iko bibi yangu, na yeye hana haja ya bomu," ukimaanisha Mama.

Kisha nyekundu ya Moscow ikaanguka. Ukapanda ngazi na burashi, nami, mtoto bado, nikaishika ngazi isiteleze. Karibu dunia nzima ikageuka buluu. "Imekwisha, mutoto," ulisema. "Rangi ya mafuta haifutiki."

Haikuwa imekwisha, Papa. Dada yako, aliyekuwa akiagiza vitambaa Brussels, sasa huvifuata Dubai na Guangzhou. Mawe ya milima yetu huondoka kimya na kurudi yakiwa simu. Mjini kwetu kwenyewe tumeona mamlaka ikibadilika. Zamani niliwafundisha wanafunzi kwamba wakubwa wakiwa wengi, mdogo hupata kuchagua. Leo sina hakika: mbuzi anayegombaniwa na wanunuzi wengi bado ni mbuzi wa kuuzwa.

Ndiyo maana nilisita. Kuifuta ramani kungekuwa kukuzika mara ya pili; kuiacha kungekuwa kuwafundisha watoto uongo. Tonton Déo, mwenzako wa kusikiliza redio, alikuja, akautazama ukuta, akacheka: "Futa yote, mwalimu! Papa yako alipaka dunia mara mbili, dunia ikamucheka mara mbili!"

Sikufuta yote. Mito, maziwa na milima yako nimeiacha katika rangi ya mafuta. Nchi nimezipaka rangi nyeusi ya ubao, na nguvu za wakubwa sasa huandikwa kwa chaki. Wanafunzi hupaka, hubishana, hufuta.

Jana walifika kwenye nchi yetu. Mmoja akaniuliza, "Madame, sisi tuko rangi ya nani?" Kabla sijajibu, msichana wa nyuma akafoka: "We, nani alikuambia lazima tuwe ya mutu?" Darasa zima likapiga kelele. Akapanda ngazi, akachagua chaki ya manjano ambayo hakuna nchi nyingine iliyopewa, akaanza kupaka kutoka mto Ruzizi, mpakani kwetu.

Pengine chaki ni jibu dogo mno kwa dunia hii. Huenda nakosea, kama ulivyokosea wewe kwa uhakika mkubwa zaidi. Lakini kosa langu linaoshwa kwa maji, na wapo wa kulisahihisha.

Pumzika, Papa. Maadamu nafundisha, chaki haitakosekana ukutani pako.

Na ngazi, bado naishika mimi.

Binti yako