Khanga Nyuma ya Mashine ya Joto

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Hapa Ufukoni hatujambo. Babu yako kikohozi kimemwachia, kwa hiyo amerudi kunigombeza.

Unasema mashine ya gesi inayopuliza hewa moto kwa vifaranga wako huko Njombe inawaka njano. Ya kwetu, ya kukaushia korosho kiwandani, iliwahi kufanya hivyo hivyo. Ilikuwa masika, tunafika tumelowa, tukatundika khanga nyuma yake. Moto ukageuka njano, macho yakawasha, vichwa vikauma. Fundi Issa akafunga gesi, akatutoa nje, akangoja ipoe. Alipozunguka nyuma akakuta khanga zetu zimeziba wavu wa kuingizia hewa. Tukajua leo tutatukanwa. Yeye akausugua wavu kwa brashi, kisha akafunga kamba upande wa mbele, mbali kidogo na mdomo wa mashine.

"Anikeni huku, dada zangu. Kule nyuma ndiko inakopumulia."

Nawe funga gesi, fungua milango, kisha uzunguke nyuma. Ukikuta kibarua wako ametundika koti, usimfokee, mtafutie kamba.

Kiwanda kilishafungwa. Mngurumo wa mashine nimeusahau, lakini kamba ile bado naiona, imejaa khanga zetu.

Bibi yako,
Somoe