Siku wamama walibaki mpaka mwisho wa filme

Kirolirwe, siku ya Mungu, jioni.

Mvula ilinyesha asubui yote, kisha jua likatoka na majani ya malisho yakaanza kutoa mvuke. Niko na furaha mpaka naandika ku simu nikisimama. Mutoto wangu Asifiwe amelala ku mugongo, nikikaa tu ataamuka.

Leo hakuna hata mama mumoja aliyetoka.

Niandike vizuri, juu ninyi munaosoma hapa hamukuwa. Kaka Fiston iko na chumba cha filme karibu na soko: pano ya kukamata umeme wa jua ku bati, televizyo kubwa, mabenchi. Filme zinakuja na Kifaransa ao Kiingereza, na yeye njo anasimama kando na kututafsiria kwa sauti. Siku zote chumba ni cha vijana na mupira. Siku ya Mungu, kisha kanisa, ni saa yetu sisi wamama. Hatuna ingine.

Fiston anatafsiri kwa namna yetu. Muzungu yeyote anamuita Papa Safari, muji wowote anauita Goma. Tunachekaka mpaka machozi. Lakini wiki iliyopita alileta filme moja ya zile za vijana, za wakati unaokuja, ambako serikali imeharibika na mutoto mumoja njo anasimama kupigana nayo. Waaskari walipoanza kupanda mulima juu ya kuchukua watoto, Fiston akapiga kelele vile anazoeaka: « Muone! Wamepita Sake, sasa wanapanda huku kwetu! »

Chumba kikabaki mabenchi tu.

Mama Nyota, jirani yangu, alitoka wa kwanza, na wajukuu wake chini ya kitenge. Si kwamba hakujua ni filme. Alijua. Miguu yake njo haikujua. Ile barabara ya Sake, kila mumoja wetu ameipita akikimbia vita.

Fiston alikasirika. « Mama Asifiwe, ambia wenzako. Siku ya Mungu inayokuja narudia ileile. Wakinitoroka tena, saa yenu napatia watu wa mupira. Siwezi kutafsiria mabenchi! »

Nikamujibu: « Basi uniachie mimi nitafsiri. »

Sijui nilitoa wapi ile nguvu. Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondere, basi. Lakini kitabu ambacho filme imetoka ndani yake nilikuwa nimekisoma. Sista mumoja alinipatia wakati nilizaa, nikakisoma nikinyonyesha. Maneno magumu ya Kifaransa niliyaruka vile tunarukaka matope. Ni hadisi ya inchi ambako watu wa muji wamekamata mvula yote, wamekataza watu wa vilima kuweka mbegu. Mutoto mumoja anachukuliwa kufanya kazi ku munara unaotengeneza mawingu. Dada yake, binti kijana, anaenda kumurudisha.

Mbele ya leo Fiston aliniacha niitazame peke yangu, na nitasema ukweli: filme imeharibu vitu. Mu kitabu, mama ya yule binti alimufundisha kujua mbegu kwa vidole, macho yamefungwa. Mu filme mama haonekane hata mara moja! Mahali pake waliweka vijana wawili wa sura nzuri wanaomugombania, na yeye, mu vita ile yote, anasimama kufikiri nani atamubusu. Ametembea mu pori siku mingi, nywele haijaharibika. Mimi nikitoka shambani tu, watu wanadhani nimepigana.

Na mwisho wameukata. Watoto wanafika ku nyumba, mulango unafunguka, giza, majina ya watengenezaji yanaanza kupanda. Nadhani walitaka kutuuzia filme ya pili, na ile ya pili haikuja.

Lakini kuna kitu filme iliweza, kitabu hakikuweza. Binti anapomukuta ndugu yake ku munara, kitabu kinaeleza kurasa kwa kurasa: aliogopa, alikumbuka, alijiuliza. Filme inaonyesha tu mukono wa mutoto unatafuta nguo ya dada yake. Hakuna muziki, hakuna neno.

Tena, Mama Nyota hasomi. Bila filme, hadisi ingebaki yangu peke yangu.

Basi leo nikasimama kando ya televizyo, Asifiwe ku mugongo. Mama Nyota alikaa karibu na mulango, tayari kwa kutoka.

Nilianza na mwisho.

« Wamama, musikilize. Hii inchi haiko. Muntu aliifikiria tu, akaiandika. Na mutoto mwenye watachukua, atarudi. Nawaambia sasa hivi: atarudi. »

« Unatuharibia filme! » Fiston akapiga kelele.

« Nyamaza, wewe, » Mama Nyota akamuambia. « Endelea, binti yangu. Atarudi na miguu yote mbili? »

« Yote mbili, mama. »

Sikutaja Sake. Sikutaja hata mulima wetu mumoja. Waaskari walipoanza kupanda, nikapunguza sauti. Nikasikia benchi inalia kule nyuma. Sikugeuka, niliogopa. Kisha Mama Nyota akaambia ile televizyo: « Muchukue tu. Atarudi. »

Na wengine wakaitika sawa vile kanisani: « Atarudi! »

Hapo nilijua hawatatoka.

Wale vijana wawili walipofika, ikawa kelele. « Huyu hajui hata kulima! » « Achague mwenye kubeba maji! » « Arudi kwao kwanza, ndoa itamungojea! » Fiston mwenyewe alisahau hasira, akawa anatufanyia sauti ya upepo na kinywa. Binti alipogusa mbegu mu giza, mimi nikaongeza: « Vile njo mama yake alimufundisha. » Haikuwa mu filme. Nilisema tu.

Ku munara, sikusema kitu. Niliacha ule mukono utafute nguo.

Kisha mulango, kisha giza, majina yakaanza kupanda.

« Sasa? » Mama Nyota akauliza. « Mama yao iko wapi? Zile mbegu, walipanda? »

Nikaendelea kusema wakati majina yanapanda. Kwamba mama alikuwa nyuma ya mulango. Kwamba alimushika mutoto, akatazama mikono yake, kisha miguu, kisha akalia. Kwamba asubui walishuka shambani wote watatu, na walipanda. Majina yakaisha. Fiston akazima. Hakuna aliyesimama.

« Bon, » Fiston akasema, anajikuna kichwa. « Saa ni yenu. Na utafsiri uwe wako, Mama Asifiwe. Mimi nitafanya upepo. »

Vigelegele ilifika mpaka ku barabara!

Sasa niko hapa, simu ku mukono, najiuliza. Wenye filme walichukua kitabu, wakatoa mama. Mimi nilichukua filme yao, nikamurudisha. Hata mimi niligeuza. Nilifanya vibaya? Wamama wanashuka wakibishana nani angepaswa kumuoa yule binti, nawasikia wanacheka mpaka ku mutelemuko.

Asifiwe akikua na kujua kusoma kile kitabu, ataniambia nilikosea wapi?

Aniambie tu. Natamani ile siku sana.