Milango ya mawe ya kitabu cha Ngoie

Siku ya ine, magaribi

Na kama binti yangu Ngoie anasahau tena kesho? Baba yake alishasema: binti akianguka ku examen, ule mutihani wa kesho, masomo inaisha, anaenda Kasenga kuuza samaki na shangazi yake.

Kitabu chake kinaonyesha nyumba ya bamoine, watawa ba kuomba Mungu, ya Ulaya, ya zamani sana. Paa ilishaanguka, miti inaota ndani, lakini milango ya mawe, ile ya kupinda juu, ingali inasimama. Mwalimu atauliza juu ya nini haianguki. Ngoie alikariri jibu mpaka akalia.

Nikamupeleka nyuma, penye tunachoma matofali. Nikajenga mulango wa tanuru, wa kupinda juu kama ile ya kitabu, juu ya miti ya kuushikilia, halafu nikavuta miti.

"Mama, itaanguka!"

"Haianguki. Kila tofali linasukuma mwenzake. Na kando unaweka mengine mazito, ya kushika."

Akaigusa, akacheka. "Kesho nitasema ni mama alinifundisha."

"Sema ni kitabu! Usinipatishe haya."

"Ni mama," akasema, akanifuta udongo ku uso.

Miye sikusoma. Sikujua kama niko na kitu cha kumufundisha. Kesho nitamusindikiza mpaka ku masomo, nitasimama inje, nitangoja.