Kitambaa cha Apiyo

Sosiot, Kericho
4 Juni 1996

Mama mpendwa,

Natumai mguu umepata nafuu na wageni wa kanisa wamekuachia kuku hata mmoja. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuna.

Jana kiwandani tulifundishwa usalama kazini. Mwalimu alisogeza tambara karibu na mkanda unaozungusha mashine ya kuchambua chai. Mama, hata sikuliona likienda. Nilisikia tu likipasuka. Akasema, "Sasa fikirieni kama ingekuwa imefungwa kwa kichwa ya mtu." Wote wakanigeukia.

Supavaisa wetu, Kiplangat, amekataza vitambaa vya kichwa karibu na mashine. Anataka kofia ya kubana. Naogopa sana. Niruhusu nivue kitambaa changu nikiwa kazini.

Bintiyo, Apiyo

Kendu Bay
17 Juni 1996

Binti yangu,

Mguu haujambo, kuku wamebaki. Lakini barua yako imeninyima usingizi.

Umesahau? Surua ilipomchukua pacha wako Adongo, nilikubeba hadi kanisani ukiwa huna nguvu hata ya kulia. Nikamwahidi Mungu kwamba akikuacha, kichwa chako hakitakaa wazi mbele za watu. Akakuacha. Sasa nimwambie Mungu kwamba Kiplangat amekataa? Ninyi mnaogopa mashine. Mimi namwogopa aliyemchukua Adongo.

Usikivue. Kifunge mafundo mawili, uyakaze.

Mama yako

Kendu Bay
22 Julai 1996

Binti yangu,

Hujambo? Mbona kimya hivi? Kila gari la Kericho likisimama sokoni moyo wangu unaruka. Niandikie hata neno moja.

Mama yako

Sosiot
30 Julai 1996

Mama,

Niko hai. Tazama, huu ni mwandiko wangu.

Nilikivaa kama ulivyotaka. Rodah, mwenzangu wa mashine, alinisihi kila siku, "Wewe Apiyo, hii kitu itakuua." Wiki mbili zilizopita niliinama kufagia chai iliyomwagika chini ya mkanda. Kichwa kikavutwa. Nikaona chuma mbele ya macho, halafu nikajikuta nimekaa sakafuni, Rodah akipiga kelele wazime mashine. Kitambaa kilitoka vipande vipande, na nywele zangu ndani yake.

Nisamehe, Mama. Sikufunga mafundo mawili. Nilifunga moja, tena legevu, ili Kiplangat akitokea nikivute haraka nikifiche mfukoni. Ndiyo maana kiliachia.

Sasa kichwa changu kiko wazi. Sijui niogope nini zaidi, mashine au ahadi yako.

Bintiyo, Apiyo

Kendu Bay
8 Agosti 1996

Apiyo mwanangu,

Leo salamu zimenishinda. Niliposoma barua yako nilifunga mafundo mawili kwenye kitambaa changu mwenyewe, nikakivuta kwa nguvu zangu zote. Hayakuachia.

Nimemwambia Mungu ile ahadi niliitoa mimi, kama ana hasira aniletee mimi. Vaa kofia ya kiwanda.

Omba ruhusa uje. Na ushuke garini kichwa wazi, sokoni, watu wote wakiwa hapo. Nataka kukishika.

Mama yako