Jina Ulilonipa, Samweli

Mwanangu Samweli,

Kama maneno haya yamekufikia, basi yamepita kwenye redio. Mutangazaji wa hapa mujini Baraka ameniambia kwamba wachimbaji wengi wa upande wa Lulimba wanafungua redio jioni wakati wanapika. Nimeandika mwenyewe. Unajua mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo dada yako Esta atapitisha macho kabla hatujaipeleka barua, lakini nimemukataza kupunguza maneno.

Tangu ulipopanda pikipiki kwenda kutafuta dhahabu, tulikusikia kwenye simu kidogo kidogo, halafu simu ikanyamaza. Mvua zimekuja, zimekwenda, zimekuja tena. Kijana muliyetoka naye amerudi, anasema muliachana njiani, wewe ukasonga mbele, zaidi ya hapo hajui. Sasa baba yako mudogo ameshuka kutoka Lubondja na neno moja: tukae matanga, tukulilie, tumalize. Tangu baba yako atutoke, yeye njo anasema kwa ajili ya familia. Anataka jibu langu Jumapili hii, baada ya ibada.

Nianze mbali kidogo, papa, mwanangu. Univumilie.

Kabla yako mimi sikuwa na jina. La ubatizo nilikuwa nalo, lakini nani alikuwa analitumia? Pale ufukoni tulipoanika ndagala, bamama walikuwa wanaitana Mama Yoeli, Mama Furaha, Mama Rebeka. Mimi nilikuwa muke ya Alimasi tu, na miaka inapita. Siku moja mwenzetu mumoja akaniambia huku anageuza samaki wake, "We muke ya Alimasi, tutakuita hivi mupaka lini? Basi tukuite Mama Ndagala, maana njo batoto unalaza kila siku." Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikashuka kwenye maji kuosha mikono, nikakaa huko zaidi kuliko mikono inavyohitaji. Sikupiga magoti. Nilisema tu, "Bwana, hata mumoja."

Ulipozaliwa baba yako alitaka jina la babu yake. Mimi nikasema Samweli. Pasta akaniuliza, "Kwa nini Samweli, mama?" Nikamujibu, "Kwa sababu niliomba." Akatabasamu. Akatuambia ni jina la Kiebrania, lugha ya Waisraeli wa zamani, na Hana wa Biblia alimupa mutoto wake jina hilo kwa sababu hiyo hiyo. Baba yako akakuna kichwa, akasema basi babu atangojea mwingine.

Unakumbuka ulivyorudi shuleni, uko sekondari sasa, na swali mkononi? Mwalimu wenu aliwaambia kwamba wenye elimu hawapatani juu ya jina hilo. Wengine wanasema maana yake ni Mungu amesikia, wengine wanasema ni jina la Mungu. Ukaniuliza, "Mama, ya kweli ni gani?" Nilikuwa ninasonga bugali, moshi uko machoni. Nikakuambia, "Kula kwanza." Leo ningekujibu kwamba wao wanatafuta kwenye vitabu, na mimi nilikuwepo.

Ulikuwa mutoto wa maswali. Kwenye masomo ya Jumapili walikuwa wanawaita kwa mustari, Danieli, Yoeli, Ezekieli, Samweli, na nyinyi munaimba ile mikia ya majina mpaka mwalimu anachoka. Pasta akawaambia kwamba huo mukia, eli, ni Mungu mwenyewe. Ukaja mbio kumuuliza baba yako kwa nini Mungu anakaa nyuma ya jina lako, si mbele. Alikuwa anashona wavu. Akasema, "Kwenye mutumbwi, mwenye kuongoza anakaa wapi?" Ukafikiri. "Nyuma." "Basi." Ukaenda kucheza, umeridhika kabisa.

Na batoto wa jirani nao wakapata lao:

Samweli, sema kweli,
nani amekula samaki ya Yoeli?

Ulikuja nyumbani unalia kwamba wanakusingizia. Midomo yako ilikuwa bado na mafuta ya ile samaki. Nikakuogesha, nikakutungia wimbo mwingine ili unyamaze:

Samweli, mutoto wa kweli,
macho yake taa ya meli.

Meli yenyewe sikuwa nimeiona hata moja karibu, lakini neno lilifaa. Ulipoanza kuota ndevu ukawa unaniambia, "Mama, acha, wenzangu wanasikia." Siku hizi ninauimba nikiosha sufuria. Esta akiusikia anatoka nje.

Sasa nikuambie kinachonikosesha usingizi. Wa kwanza alikuwa Mama Yoeli, jirani yetu, mutu wa roho nzuri. Asubuhi moja akanisalimia, "Mama Esta, umeamuka?" Nikageuka kuangalia nani anasalimiwa. Baadaye wengine wakafuata, sokoni, kanisani, kwenye maji. Hakuna anayefanya kwa ubaya. Unajua desturi yetu: mama aliyefiwa hawaendelei kumuita kwa jina la yule aliyekwenda, ni kama kumubonyeza kidonda kila asubuhi. Wanachukua jina la anayefuata. Lakini mimi nani aliniambia nimefiwa? Sikuitika. Wanafikiri nimekuwa na kiburi, au masikio yameanza kuzeeka.

Juzi baba yako mudogo alikaa hapa mulangoni, akaniongelesha kwa upole.

"Shemeji, mutu akikawia hivi, tunamulilia ili apumuzike."

"Na kama saa hii iko anakula bugali yake?"

"Akirudi, tutacheka wote."

"We utacheka. Mi nitakuwa nimemuzika."

Halafu akasema nisipokubali, nisimuhesabu tena wakati wa kulima. Shamba letu la Lubondja ni kubwa, na sisi wawili mikono yetu unaijua. Nimeogopa, sikufichi.

Lakini kilichoniogopesha zaidi ni Esta. Yeye yuko hapa. Yeye njo anachota maji, anabeba samaki, ananikanda mugongo. Nikajiuliza kama ninamukosea, kukataa jina lake mbele ya watu kila siku. Jana tulikuwa tunageuza ndagala, nikamuuliza, "Esta, ungependa waniite Mama Esta?" Aligeuza mpaka mwisho wa mukeka kabla ya kunijibu.

"Napenda, mama. Nani hapendi? Lakini si kwa matanga ya yaya Samweli."

Nilimushika mukono, una magamba ya samaki, tukabaki hivyo.

Basi Jumapili nitamujibu baba yako mudogo mbele ya familia: matanga, hapana. Sitasema u hai, kwa sababu sijui. Nitasema sijaambiwa. Wakiniuliza nitalima na nani, nitalima na Esta, sehemu tutakayoweza.

Wanasema huko kwenye mashimo kila mutu anapewa jina la utani, hata wa kulala naye kibanda kimoja hajui lile la nyumbani. Kama hawakuiti Samweli, basi wanaosikiliza wakutambue kwa lile kovu juu ya jicho la kushoto, ulipoangukia ukingo wa mutumbwi. Je, unakohoa bado wakati wa baridi? Usishuke kwenye shimo siku inayofuata mvua. Najua utasema mama anaogopa kila kitu. Ninaogopa kila kitu, ndiyo.

Sikuombi dhahabu. Kama una aibu ya kurudi mikono mitupu, mikono yako mitupu nilishaiosha zamani. Kama njia imekataa, tuma mutu yeyote anayeshuka Baraka. Aulize nyumba yetu pale nyuma ya soko la samaki, asimame mulangoni, aniambie umekula nini asubuhi. Hiyo inatosha, nitaishi nayo.

Bwana akufunike, papa. Ulale mahali pakavu.

Ni mimi niliyekuomba na nikakuzaa,

Mama Samweli