Makofi kwa Mama Mkwe

Marisol, shoga yangu, nimejifungia chooni hapa sinema. Usinipigie, soma tu. Nimeumbuka!

Si unajua leo ndiyo nimekutana na mama yake Curtis wangu mara ya kwanza? Nikamleta, yeye na Curtis, kwenye ile filamu ya vichekesho ya zamani ya Hollywood, ya mpelelezi anayezimia akiona damu. Mama hajawahi kuiona. Mlangoni kaniambia, "Binti, ukinitajia muuaji tutakosana."

Nami naijua yote kichwani! Au nilidhani naijua.

Alipotokea tu daktari wa meno, nikazomea. Kwa sauti! Ni mazoea, shoga, si hapa wabaya tunawazomea kila Jumapili? Nikasahau kwamba filamu za upelelezi tunangoja muuaji afichuliwe.

Hakuna mwingine aliyezomea. Mama akanigeukia, "Kwa hiyo ni huyu?" Nikajifanya natafuta kiatu. "Ni huyu, siyo?" Akaweka bisi zake chini. Hakucheka tena hata mara moja. Curtis naye kaangalia dari.

Sasa sikia. Siye daktari! Nilichanganya na filamu nyingine!

Muuaji ni mama mkwe wa mpelelezi. Mama mkwe, Marisol!! Ukumbi mzima ukalipuka kwa kuzomea, watu wanapiga miguu chini, na mama yake Curtis kakunja mikono, ananitazama mimi, wala hatazami filamu.

"Haya binti, huyu mbona humzomei?"

Ungefanyaje wewe?

Nilisimama nikampigia muuaji makofi. Peke yangu.