Swali la Tisa

S.L.P. 1187,
Morogoro.
19 Agosti 1999

Mpendwa Dada Kristina,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Tabora, na kwamba goti la Shemeji Laurenti limepoa. Mimi sijambo kwa mwili. Hapa Kilakala baridi imeanza kupungua.

Ofisi yetu ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa bado ipo. Tangu viwanda vibinafsishwe na wanaume wapunguzwe kazi, benchi halitoshi. Wafadhili wametuletea kompyuta, nasi tumeifunika kitambaa cha kufuma kama redio ya marehemu baba.

Zamani nilikuwa narudi nyumbani nalia, nawe ukinicheka. Siku hizi silii. Mwanamke ananionyesha jicho lililovimba, mimi naangalia kama kalamu ina wino.

Sasa nikueleze la Devotha, mdogo wetu. Jumanne ya wiki iliyopita alishuka na lori la mboga kutoka Mgeta, mkono wa kushoto umefungwa kanga, akakaa kwenye benchi na wenzake. Zamu yake ilipofika nikamuuliza jina. Nilimtambua, dada, nisikudanganye. Lakini fomu inaanza na jina. Akajibu kama mgeni, labda akidhani nawaficha wenzangu kuwa ni ndugu yangu. Nikamwambia arudi Alhamisi, kama tunavyowaambia wote. Hakurudi.

Jana nilifungua faili lake. Swali la tisa linauliza: Je, una mahali pa kukimbilia? Nakumbuka hapo alinitazama tu. Nikaandika: Hana. Na kile kitanda alicholalia enzi zake za shule kipo chumbani kwangu hadi leo.

Naona aibu, ila aibu yenyewe naiona kwa mbali, kama ya mtu mwingine.

Jumamosi napanda Mgeta kumchukua. Nimempelekea habari Mjomba Severini anisubiri Nyandira, maana yule mume hatanisikiliza mimi peke yangu. Nakuomba uje, hata kwa wiki mbili. Devotha atahitaji mtu wa kumkumbatia, na mimi sina hakika kama nitaweza.

Wasalimie shemeji, Athanas na Joyce. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Lile neno “Hana” nimelikata, nikaandika juu yake: Kwa dada yake, Kilakala. Kitanda nimekitandika. Yeye bado hajui.

Mdogo wako akupendaye,
Magreth